Khali, Khali

Wimbo ule uliingia mtaani kwetu mwanzo wa Mfunguo Mosi, na kabla mwezi mwingine haujaandama hapakuwa na kibanda cha chai Omdurman ambacho hakikuupiga. Jina lake lilikuwa neno moja lililotajwa mara mbili: Khali, Khali. Nyimbo za namna hiyo ndizo zilizoshika mwaka ule. Palikuwa na Njiwa, Njiwa, na palikuwa na Kesho, Kesho, na mwingine uliorudia jina la treni ya kaskazini. Wenye maduka ya kaseti walisema kwamba mnunuzi husahau mwimbaji na husahau beti, lakini neno aliloambiwa mara mbili hufika nalo mpaka dukani.

Mimi sikuwa mtu wa nyimbo. Kila baada ya swala ya alasiri nilifundisha nahau na elimu ya ufasaha katika msikiti wa mtaa wetu, mbele ya wanafunzi tisa na busati lililochakaa. Hata hivyo neno lile lilinifuata njiani vinywani mwa watoto, nami kwa desturi ya kazi yangu nikaanza kulipima. Khali kwa Kiarabu ni mjomba wangu. Khali vilevile ni kidoa changu, kile cheusi cha kuzaliwa ambacho washairi wamekisifu mashavuni mwa wanawake kwa zaidi ya miaka elfu. Neno likirudiwa kwa maana ileile, huo ni mkazo, nasi huuita taukidi. Likirudiwa kwa maana nyingine, hiyo ni jinasi, na hapo mtunzi amekuficha kitu kwenye tamko la pili. Nilijiuliza wimbo ule ni wa namna gani, nikajibu kuwa hainihusu, nikaendelea na safari yangu.

Ilianza kunihusu siku mke wangu Sittana aliporudi kutoka matangani akiwa amenuna. Akanieleza kwamba alipoingia, wanawake waliokuwa wakizungumza walinyamaza wote kwa pamoja, kisha mmoja akaanza kusifu kahawa. Sittana ni mtu wa kuona mbali. Kahawa yenyewe, alisema, ilikuwa imeungua.

Nyumbani kwetu alikaa Buthaina, binti wa marehemu dada yangu. Nilimpokea akiwa na umri wa miaka sita, na mwaka ule alikuwa na ishirini, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu. Chini ya jicho lake la kushoto ana kidoa cheusi kilicho kama tone la wino. Tangu mwezi wa Jamadi alikuwa ameposwa na Mutasim, mwana wa Haji Sirralkhatim muuza vitambaa, na ndoa ilipangwa kufungwa Mfunguo Tatu, baada ya Idi. Walii wake wa kisheria ni ami yake aliyeko El Obeid, nduguye baba yake, lakini yeye alinipa uwakala kwa barua. Nami posa ilipokuja nilimwuliza binti, kama sheria inavyotaka. Alinyamaza. Tumesoma kwamba ridhaa ya mwanamwali ni kunyamaza kwake, basi nikaandika El Obeid kuwa amekubali.

Haji Sirralkhatim alikuja siku ya Jumamosi baada ya adhuhuri. Alikunywa chai yake yote ya karkade, akafuta masharubu, kisha akatoa kaseti katika mfuko wa jalabia na kuiweka juu ya meza baina yetu, kwa taratibu, kama mtu anayerudisha kisu alichokiokota uani kwako.

"Maulana," alisema, "mimi si msomi. Mimi nauza vitambaa. Kitambaa kikiwa na doa namrudishia aliyeniletea, wala simwulizi doa limetoka wapi."

"Binti wa dada yangu si kitambaa, Haji."

"Sikusema yeye ni kitambaa. Nimesema mimi nauza vitambaa."

Akanieleza yanayosemwa. Wanawake wa mtaa wa nyuma, na wa mtaa unaofuata, walikuwa wamekwisha kuamua kwamba khali ya kwanza ni mjomba na khali ya pili ni kidoa. Ni msichana gani Omdurman, waliulizana, mwenye kidoa usoni na anayelelewa na mjomba wake? Halafu mtangazaji wa redio, kila auwekapo, husema kwamba maneno ni ya mtu asiyetaka kutajwa. Haji aliuliza ni mtu gani mwenye nia njema asiyetaka kutajwa.

Sharti lake lilikuwa moja. Ijumaa, baada ya swala, angekuja na ndugu zake wawili. Ningeshika Msahafu na kuapa kwamba hakuna mwanamume aliyeutunga wimbo huo kwa ajili ya Buthaina. Nikiapa, ndoa iko palepale. Nisipoapa, posa imevunjika, na kila mtu ataelewa kwa nini.

"Nakujua," alisema akiinuka. "Wewe huwezi kuapia jambo usilolijua. Ndiyo maana nakuamini. Una siku sita za kulijua."

Alipoondoka niliazima redio ya kaseti ya Sittana na kujifungia chumbani. Nilikuwa nimeusikia wimbo ule mara mia bila kuusikiliza. Fidla zilianza, kisha nyuzi za udi, kisha sauti ya Hasabu, kijana wa ng'ambo ya mto ambaye sauti yake ni nzuri na hilo sitalikana:

Khali, khali, kwako nimekaa tangu utotoni,
Khali, khali, nitazame, kesho nachukuliwa nyumbani.

Nilisimamisha mashine. Mwanamume anasema na kidoa cha mpenzi wake, ambaye amemjua tangu utotoni. Kuchukuliwa ni kufa kwa mapenzi, mtindo wa kale sana. Mpaka hapo ilikuwa jinasi ya mtu aliyesoma kidogo. Nikabonyeza tena.

Khali, khali, mlimau umeinamia mitungini,
Khali, khali, kivuli chake nitamwachia nani?

Uani kwetu, upande wa wanawake, pana mlimau uliopinda ukainamia mitungi ya maji. Hauonekani njiani. Hauonekani barazani ninapopokea wageni. Aliyetunga ubeti ule alikuwa ameingia ndani ya nyumba yangu na kusimama mahali ambapo mwanamume asiye wa nyumba hasimami.

Kuanzia saa ile niliishi nyumbani mwangu kama mpelelezi. Buthaina akileta kahawa, nilitazama kama mkono wake unatetemeka. Haukutetemeka, nikaona hilo nalo lina lake jambo. Siku ya Jumapili nilimkuta anakunja karatasi, akaitia katika kitabu aliponiona. Niliuliza ni nini. Akasema ni somo la jiografia. Nilitaka kuiona karatasi hiyo, nikaona haya, nikaenda zangu. Alikuwa na desturi ya kuimba puani anapochekecha unga wa mkate wa kisra. Sasa kila nilipoingia uani uimbaji ulikatika, na mimi, badala ya kusimama nikasikiliza, nilihesabu mara ngapi umekatika.

Jumatatu nilivuka mto kumwona Hasabu. Nilimkuta katika duka la mtengeneza udi, amevua viatu, anakula mchuzi wa maharage na wenzake. Waliponiona na kilemba changu walisimama wote, na mmoja akaficha sigara mfukoni ikiwa bado inawaka. Nilimwita Hasabu kando. Nikamwuliza maneno ya wimbo ameyapata kwa nani.

"Nilipewa, Maulana. Na aliyenipa aliniapisha nisimtaje mwenyewe."

"Ni kijana?"

"Kijana, naam."

"Wa mtaa gani?"

Akatazama udi zilizotundikwa ukutani. "Wa mtaa wako," alisema. "Zaidi ya hapo nitakuwa nimevunja kiapo, na wewe ndiye utakayenisomea hukumu yake." Alikuwa na adabu, lakini nilimwona anajizuia kutabasamu, na tabasamu lile nilirudi nalo nyumbani kama mwiba uliovunjikia mguuni.

Kijana wa mtaa wangu, mwenye elimu ya jinasi, aliyewahi kuuona mlimau. Nilipolifikiri hivyo jina lilikuja lenyewe. Tijani.

Tijani alikuwa mwanafunzi wangu kwa miaka mitatu, fundi seremala, mpole, asiyeinua macho. Kabla ya mvua za mwaka uliopita alipanda juu ya paa letu kwa siku mbili kulikandika udongo, na kutoka juu ya paa ua wote huonekana. Tena alikuwa akilijua neno khali na maana zake kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha, kwani ndilo mfano utolewao na kila mwalimu wa somo hilo. Kutoinua macho kwake, ambako miaka yote mitatu nilikuita haya, sasa nilikuita kwa jina jingine.

Jumanne niliwapa wanafunzi zoezi. Kila mmoja aandike mistari miwili inayoanza kwa neno lililorudiwa. Nilitaka kulinganisha mtindo wa Tijani na ule wa kaseti. Aliandika hivi: Mbao, mbao, mbao nzuri ni ya msonobari, na mbao, mbao, mbaya ni iliyoliwa na mchwa. Haikuwa na mizani wala vina, na maana yake ilikuwa ndiyo hiyo mnayoiona. Mtu mwenye akili timamu angejua kwamba mwenye kuandika hivyo hawezi kuandika mlimau umeinamia mitungini. Mimi nilijiambia kwamba hakuna mtu anayeweza kuwa mbovu kiasi hicho bila kukusudia, na kwamba anajificha.

Wenzake walipotoka nilimzuia.

"Tijani, kuanzia kesho usije darasani."

"Maulana, nimekosa nini, nikirekebishe?"

"Unakijua."

"Wallahi sikijui." Akaokota viatu vyake, akasimama navyo mkononi. "Ni ile mistari? Maana nilijua ni mibaya, lakini sikujua ni mibaya hivyo."

Alitoka hali amechukua viatu, hakuvivaa hadi alipofika njiani, na mimi niliona hata hilo ni hila.

Jumatano nilimweleza Sittana kwamba mtu nimekwisha kumpata. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba anachagua dengu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kuhusu paa, kuhusu jinasi, kuhusu mistari ya mbao. Kisha akaweka sinia chini.

"Umemfukuza Tijani? Tijani ambaye akiagizwa kununua ndimu huuliza mara tatu ndimu ni ipi?"

"Anajifanya."

"Mume wangu, huu wimbo umeusikia lini kwanza?"

Nikasema Mfunguo Mosi, kama watu wote.

"Kama wanaume wote," alisema. "Sisi tumeucheza Rajabu, harusi ya Ikhlas wa jirani, kwa ngoma ya udongo, kabla hiyo fidla haijajua kama kuna wimbo. Dada yake Hasabu alikuwapo, akaubeba mpaka kwao. Wewe umeusikia kwa sauti ya mwanamume, ukatafuta mwanamume."

Nilimwuliza nani aliuleta harusini. Akainua tena sinia lake la dengu.

"Nami niliahidi nisimtaje," alisema. "Niliahidi kwa sababu nilidhani utalijua mwenyewe siku ya kwanza. Mtu mwenye elimu yote hiyo! Kesho alasiri wasichana watakuja kumfundisha Buthaina kucheza kwa ajili ya harusi. Ukitoka msikitini usiende sokoni. Rudi, ukae chumbani kwako, ufunge mdomo na ufungue masikio."

Ni desturi yetu kwamba bibi harusi hufundishwa kucheza na wenzake kwa wiki nyingi, na ngoma hiyo huitwa daluka, hupigwa na wanawake na nyimbo zake hutungwa na wanawake. Mwanamume huijua kwa mbali tu, ukutani kwa jirani. Sijawahi kusikia yeyote akizichambua katika darasa la ufasaha, na mimi mwenyewe kwa miaka thelathini nilipoisikia nilifunga dirisha.

Alhamisi nililiacha wazi. Walifika kama kumi, nikasikia bangili na vicheko na mtu akigombezwa kwa kumwaga marashi. Ngoma ikaanza. Waliimba mbili tatu nisizozijua. Kisha pakawa na utulivu mfupi, kiganja kikagonga udongo peke yake, na sauti ya Buthaina ikaanza, bila fidla, si nzuri kama ya Hasabu na imepasuka kidogo juu:

Khali, khali, kwako nimekaa tangu utotoni,
Khali, khali, nitazame, kesho nachukuliwa nyumbani.

Mimi ni yule yule, na maneno ni yale yale, herufi kwa herufi. Lakini katika kinywa cha msichana hayakuwa na kidoa ndani yake. Neno mimi halina ndevu wala halina utaji. Nililivika ndevu kwa sababu mwimbaji alikuwa nazo. Aliyekaa kwangu tangu utotoni alikuwa anaimba hatua kumi kutoka kitanda changu, na anayechukuliwa hachukuliwi na mapenzi ya washairi, anachukuliwa na Mutasim. Wasichana walipokea, Khali, khali, nami nikatambua kuwa watoto wa njiani walikuwa sahihi siku zote. Walikuwa wakiimba mjomba, mjomba.

Ulipita ubeti wa mlimau. Kisha ukaja ubeti ambao haumo katika kaseti, kwa kuwa Hasabu, ama hakuuelewa, ama aliuelewa vizuri, aliukata:

Khali, khali, waniuliza kiatu ki mguuni,
Khali, khali, jibu sijatoa, wewe u njiani.

Wasichana walicheka sana. Kwao ulikuwa ni mstari wa kuchekesha tu, mjomba fulani mwenye haraka.

Siku ile ya Jamadi nilikuwa mlangoni, adhana ya alasiri imekwisha, nimevaa kiatu cha kulia na cha kushoto nakitafuta kwa kidole cha mguu. Nikasema, Mutasim mwana wa Sirralkhatim ameleta posa, unasemaje? Nilikipata kiatu. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa. Nilihesabu, kama kweli nilihesabu, pumzi mbili. Nikasema, Allah akubariki, nikaenda. Hakuna mtu mwingine aliyekuwapo. Hakuna paa ambalo mtu angeliona hilo kutoka juu yake.

Wageni walipoondoka nilimwita. Alikuja na mikono iliyopakwa mafuta ya msandali, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mbele yangu. Nilikuwa nimevua viatu vyote viwili na kuviweka nje ya mlango. Sijui kama alivitazama.

"Mjomba umeusikia," alisema.

"Nimeusikia." Nilitaka kuanza na jambo jepesi, nikaanza na nililolijua. "Khali ya kwanza ni mjomba. Ya pili ni nini?"

"Ni mjomba."

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Mara ya kwanza hukugeuka."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia kwa mdomo, mbele yangu, ila akawaambia wasichana wa mtaa na kwa hao Omdurman yote. Akasema hakuwa na nia ya Omdurman. Alitaka mimi nisikie ukutani kwa jirani siku ya harusi ya Ikhlas, maana alijua nipo nyumbani. Dirisha langu lilikuwa limefungwa. Kisha wimbo ukatoka mikononi mwake, ukawa wa kila mtu, na kila mtu akaupa maana yake, na yeye akaogopa kusema.

"Basi sasa nakuuliza," nilisema. "Mutasim mwana wa Sirralkhatim ameleta posa. Unasemaje?"

Aliinamisha kichwa kama mara ya kwanza. Safari hii nilingoja. Nilimsikia Sittana uani akivuta ndoo, nikamsikia mtu akipita njiani na punda, na punda akasimama, akapigwa, akaendelea. Nilikuwa nimekwisha kudhani kwamba kimya kile ndicho jibu, kama vitabu vinavyosema, aliposema, "Sitaki, mjomba. Hana ubaya. Sitaki tu. Nataka nimalize chuo, na nataka niulizwe na yule nitakayemtaka."

"Yupo?"

"Hayupo." Akacheka kidogo, macho yana machozi. "Watu wamenitafutia mpaka nami nikatamani angekuwapo, angalau nipate faida ya maneno."

Usiku ule nililala vibaya. Nilikuwa na kiapo mkononi ambacho ningeweza kukila bila dhambi. Hakuna mwanamume aliyetunga wimbo ule: hilo ni kweli tupu. Ningeliapia hilo, Haji angeridhika, jina la binti lingetakata mtaani kote kwa siku moja, na harusi ingefanyika. Alichosema Buthaina tulikijua watu watatu. Nilijiambia kwamba wasichana wengi husema sitaki na baadaye huzaa na kuzoea. Nilijiambia pia kwamba msichana aliyekataa baada ya wimbo ule hatasafishwa na chochote, kwa kuwa watu watasema, je, hatukusema?

Ijumaa walikuja watatu, wamevaa vizuri. Sittana alileta chai ya maziwa na biskuti. Msahafu ulikuwa juu ya kibao chake. Nilitawadha upya ingawa nilikuwa na udhu, nikaweka mkono wangu wa kulia, nikaapa kwa Mola aliyekishusha kitabu kile kwamba hakuna mwanamume aliyetunga wimbo wa Khali, Khali kwa ajili ya Buthaina, wala kwa ajili ya mwingine yeyote, na kwamba mtunzi wake ninamjua na ninamdhamini.

Haji Sirralkhatim alipumua kama mtu aliyetuliwa gunia. Ndugu zake walisema alhamdulillahi. Akaninyoshea mkono ili tuthibitishe siku ya ndoa.

Mkono wangu ulibaki juu ya kitambaa cha Msahafu.

"Ngoja, Haji. Mtunzi ni Buthaina mwenyewe. Khali ni mimi. Alikuwa akiniomba nimsikilize. Nilikuambieni kuwa amekubali, na haikuwa hivyo. Nilimwuliza nikiwa naondoka. Jana nimemwuliza tena, nimekaa, na amesema hapana."

Mkono wake ulikaa hewani muda kidogo kabla hajaurudisha. Nilidhani atapaza sauti. Hakupaza.

"Kwa hiyo hakuna mwanamume."

"Hakuna."

"Basi anamkataa mwanangu kwa ajili ya nani?"

"Si kwa ajili ya mtu yeyote."

Alilifikiri hilo, na niliona kwamba lilimuuma kuliko jambo alilokuja kuliogopa. "Maulana," alisema, "ulikuwa umeniondolea shaka. Sasa umenipa aibu. Afadhali ungeniachia shaka, shaka nilikuwa nimekwisha kuizoea." Akautazama Msahafu. "Ungeweza kunyamaza. Kiapo kilikuwa kimekwisha."

"Ningeweza."

"Watu watasema sheikh anaongozwa na daluka ya wasichana."

Nikamwambia kwamba watakuwa wamesema kweli kwa mara ya kwanza tangu wimbo huu utoke. Mmoja wa ndugu zake alishindwa akacheka, akajifanya anakohoa. Haji hakucheka. Walimaliza chai yao, kwa maana ni watu wa adabu, wakaondoka, na wiki iliyofuata wanawake wa kwao wakaja kuchukua masanduku ya vitambaa na marashi waliyokuwa wameyaleta. Sittana aliyatoa yakiwa yamefungwa vizuri kuliko yalivyofika.

Niliandika El Obeid. Barua ile niliiandika mara nne, kwa sababu si rahisi kumwambia mtu aliyekupa uwakala wake kwamba uliutumia ukiwa umesimama mguu mmoja. Ami yake alijibu kwa mistari miwili, kwamba binti ni wangu kama ni wake, na kwamba safari nyingine nikae.

Kwa Tijani nilikwenda mwenyewe, mpaka karakana yake, mbele ya mafundi wenzake. Nilimwambia kwamba nimemdhania ovu ambalo hakulifanya, na kwamba namwomba anisamehe, na nafasi yake kwenye busati ipo. Aliweka randa chini. Alinisamehe palepale, bila kuuliza lilikuwa ovu gani, jambo lililonitia haya zaidi ya kama angeuliza. Alichouliza ni kingine.

"Na ile mistari ya mbao, Maulana?"

"Ile ilikuwa mibaya, Tijani. Lakini haikuwa dhambi."

Yamesemwa mengi mtaani, na baadhi yanasemwa bado. Wapo wanaoamini hata leo kwamba mwanamume yupo na kwamba mimi niliapa kiapo cha werevu. Wimbo wenyewe uliendelea kupigwa mpaka mvua zilipokuja, ukashindwa na mwingine, uliorudia jina la ua. Hasabu alituma ujumbe akitaka ubeti uliokatwa. Buthaina akasema hautoi.

Siku moja ya kiangazi, yeye akiwa karibu kumaliza chuo, nilikuwa mlangoni adhana imekwisha kuadhiniwa, mguu mmoja ndani ya kiatu. Akaniita kutoka uani, chini ya mlimau.

"Khali."

Nikavua kiatu, nikasema naam kabla hajarudia.